Uzee Unasingiziwa Mengi

Tuliwauliza wasomaji: ni jambo gani dogo la kila siku lililokustua ukajua kwamba umri umesogea? Kati ya barua zilizofika tumechagua zile zenye swali linalojibika. Majibu yametoka kwa wataalamu wa macho, mazoezi tiba, ngozi, mkojo na masikio.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 46. Kutia uzi kwenye sindano nimemwachia mwanafunzi wangu, na simu naisoma nikiwa nimenyoosha mkono. Pale stendi wanauza miwani ya kusomea kwa bei poa. Ninunue, au nitayaharibu macho? (Fundi, Tanga)

Nunua, ila kwa kipimo. Lenzi iliyo ndani ya jicho huwa laini ujanani, na hujitunisha ukitazama kitu cha karibu. Miaka ikisonga inakakamaa, na kati ya 40 na 45 wengi huanza kuona mkono umekuwa mfupi. Miwani haiongezi kasi ya jambo hilo. Uvae usivae, lenzi itaendelea kukakamaa hadi karibu miaka 65, kisha hali itatulia.

Kosa kubwa ni kuchagua namba ya miwani (nguvu ya lenzi zake) kwa kusoma gazeti ukiwa umesimama pale kwa muuzaji. Wewe kazi yako si gazeti. Kaa kwenye cherehani kama unavyokaa siku zote, mwenzako achukue futi yako ya ushonaji apime kutoka kwenye jicho hadi kwenye sindano. Mara nyingi ni sentimita 40 hadi 50, ilhali simu wengi huishika kwenye 35 hivi. Nenda na kipande cha kitambaa cheusi chenye mshono mweusi, kishike kwa umbali huohuo, anza na +1.00 ukipanda taratibu, na uishie kwenye namba ndogo kabisa inayokuonyesha mshono vizuri. Kwa umri wako huwa ni +1.00 au +1.50. Wa miaka 50 na kitu huhitaji +1.75 hadi +2.00, na wa 60 kwenda juu +2.50. Ukichukua namba kubwa kwa tamaa ya kuona "kubwa", itakulazimisha uiname juu ya cherehani, na jioni utalalamikia shingo na kichwa. Usitembee nayo pia, maana sakafu itaonekana inayumba.

Kabla ya kulipa, ziba jicho moja usome, kisha zibua uzibe la pili. Miwani ya stendi ina namba moja pande zote mbili. Kama jicho moja linaona vizuri na jingine lina ukungu, hiyo haikufai, nenda ukapimwe. Na hata kama inakufaa, ukishavuka 40 kapimwe presha ya macho angalau mara moja, hasa kama kwenu kuna aliyepofuka kwa ugonjwa huo. Presha ya macho haiumi, na inachokula hakirudi.

Wanaougua kisukari wasubiri kwanza. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi nayo hubadilika, hivyo miwani uliyopimiwa wiki hii huenda isikufae mwezi ujao. Sukari itulie wiki kadhaa ndipo upime. Na mzee aliyekuwa hasomi bila miwani, ghafla akaanza kusoma bila miwani, asishangilie: mara nyingi ni mtoto wa jicho anaanza.

Kuhusu uzi: ukate mshazari kwa mkasi mkali, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano, na taa itoke pembeni badala ya nyuma ya kichwa chako. Macho ya miaka 60 yanahitaji mwanga mwingi kuliko ya miaka 20, kwa hiyo kabla ya kulaumu miwani, badilisha balbu.

Konda ameniambia "mzee, sogea nyuma", halafu kijana mwenye ndevu kuliko mimi akaniamkia shikamoo. Nina miaka 38! (Abiria, Dodoma)

Itikia marahaba. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo kwa sera hiyo umebakiza miaka 22. Makonda hawajaisoma.

Nina miaka 61. Nikikaa kwenye mkeka, kuinuka lazima nishike ukuta au mjukuu anivute. Magoti yanalia kama kuni kavu. Je, magoti yamekwisha? (Bibi, Kilifi)

Shikamoo bibi. Magoti kulia bila maumivu wala uvimbe si ugonjwa. Kinachokuangusha zaidi ni misuli ya mapaja na makalio, nayo inarudi hata ukiwa na miaka 80 ukiitumikisha.

Jipime kwanza. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimo chake cha kukalia sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, na mtu akushikie saa sekunde 30 huku ukisimama wima na kukaa. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni dalili ya udhaifu; kwa mwanamume wa umri huo ni chini ya 14. Ukishindwa hata mara moja bila kutumia mikono, andika sifuri. Hakuna aibu, hapo ndipo pa kuanzia.

Zoezi lenyewe ni kipimo hichohicho kikifanywa polepole. Weka mto juu ya kiti ili kisiwe chini sana. Rudisha miguu nyuma kidogo, inamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha simama. Unaposhuka hesabu moja, mbili, tatu. Mara 8, pumzika dakika moja au mbili, rudia, na ukiweza mara ya tatu. Siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Mara 12 zikiwa rahisi, ondoa mto.

Wengi huharibu kwa kujitupa kitini mwishoni (hapo unapoteza nusu ya faida), kuacha magoti yakutane kwa ndani, na kubana pumzi. Mwenye presha asibane pumzi kabisa. Toa pumzi unapoinuka. Misuli ikiuma kesho yake ni sawa. Goti likivimba au likiwa la moto, simamisha ukapimwe.

Siku za mwanzo, usiinuke mkekani kwa kunyanyuka moja kwa moja. Geuka ubavu, piga magoti huku mikono yote miwili ikiwa chini, leta mbele mguu wenye nguvu, weka mikono miwili juu ya paja hilo au juu ya kiti, sukuma.

Halafu chakula. Chai na maandazi asubuhi, chai na mkate jioni, misuli itajengwa na nini? Mtu mzima wa umri wako anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai lina 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Zigawe kila mlo, usizirundike usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze bila kumwuliza daktari wake.

Nataka kuficha mvi kwa piko. Dada yangu aliwahi kutoka malengelenge mkononi kwa piko la harusi. Nichanganye na hina isidhuru? (Zanzibar)

Kuchanganya hakupunguzi kitu. Kinachounguza kwenye piko ni kemikali iitwayo PPD, ileile iliyomo kwenye dawa nyingi nyeusi za nywele. Dada yako asiiguse tena, hata kichwani. Mzio huo haupoi kwa miaka kupita. Wewe paka tone la dawa iliyokwisha kuchanganywa ndani ya kiwiko, uache saa 48. Pakiwasha au kuwa pekundu, basi. Hina tupu ni salama zaidi, lakini mvi zitatoka rangi ya machungwa, si nyeusi.

Naamka mara tatu usiku kukojoa. Mke wangu anasema ni uzee, rafiki zangu wanasema ni tezi dume. Nani mkweli? (Mombasa, miaka 66)

Huenda wote wamekosea. Kuamka mara moja ni kawaida. Kuanzia mara mbili, chukua jagi la plastiki lenye alama za mililita na upime kila mkojo kwa siku tatu, uandike saa na kiasi. Mkojo wa usiku ni ule wa tangu ulale, pamoja na ule wa kwanza asubuhi. Tuseme jumla ya siku ni mililita 1,500 na wa usiku ni 700: hiyo ni karibu nusu, wakati kwa umri wako haupaswi kuzidi theluthi. Hapo shida ni kwamba mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku. Angalia chai ya saa tatu usiku, dawa ya presha ya kukojosha inayomezwa jioni (mwulize daktari kama inaweza kuhamishwa saa), na miguu inayovimba mchana, maana ukilala maji yake hurudi kwenye damu na figo huyatoa. Kwa miguu hiyo, ilaze juu ya mto kwa muda wa saa moja wakati wa alasiri, na acha vinywaji muda wa saa tatu kabla ya kulala.

Kama kila safari unatoa mililita 100 au 150 tu, mkojo unakatika katika na unasubiri kuanza, hapo tezi dume inafaa kuchunguzwa. Ikiwa ni mwingi mchana na usiku na una kiu, pima sukari. Damu kwenye mkojo, au kushindwa kukojoa kabisa, usisubiri siku tatu, nenda hospitali.

Na ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama. Wengi huvunjika nyonga wakielekea chooni gizani.

Baba anasikia anachotaka. Ukimwambia "sita" anasema "tisa", lakini umbea wa jirani anausikia. (Binti, Morogoro)

Usimwonee. Umri hupunguza kwanza sauti nyembamba, yaani s, f, sh na t, huku irabu zikibaki. Sita na tisa zina irabu zilezile, hivyo anakisia. Ukipiga kelele unakuza irabu tu. Zima redio, mkae mkitazamana umbali wa mita moja hivi, mwanga uwe usoni kwako, useme polepole kidogo.

Kabla ya kuwaza kifaa cha kusikia, aangaliwe nta. Kama sikio halitoi usaha wala halijawahi kutoboka, matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni mara mbili kwa siku, siku tatu hadi tano, alale ubavu dakika tano kila mara. Vijiti vya pamba vinaisukuma nta ndani. Na sikio moja likiacha kusikia ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo si nta ya kusubiri mafuta wala si uzee: apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu dawa yake husaidia zaidi katika siku za mwanzo.