Maji ya Ziwa na Rangi ya Giemsa: Kwa Wanaoanza Kazi ya Maabara Kigoma

Wengi wanaoanza kazi katika maabara za zahanati na vituo vya afya hapa Kigoma hukimbilia hadubini, wakidhani kwamba ujuzi wote wa kutafuta vimelea vya malaria umo machoni. Kwa uzoefu wangu, slaidi nyingi zisizosomeka huwa zimekwisha kuharibika mezani, na katika mji huu mharibifu wa kuangaliwa kwanza ni maji.

Rangi ya Giemsa, ambayo hupaka damu kwenye slaidi ili vimelea vionekane, hufanya kazi vizuri inapochanganywa na bafa (maji yenye chumvi za kushikilia kiwango cha asidi na alkali, yaani pH) yenye pH ya 7.2. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake ikikaribia 9, kwa hiyo atakayechanganyia rangi maji yaliyotoka ziwani, kwa kuwa tu yanaonekana meupe na safi, atapata chembe nyekundu za damu zilizogeuka bluu, na kiini cha kimelea, ambacho kilipaswa kujitokeza kwa wekundu, hakitatofautika na mazingira yake. Tengeneza bafa kwa maji yaliyokenekwa, upime pH yake hata kama umetumia vidonge vya kiwandani, na uisuuzie slaidi kwa bafa hiyo hiyo. Chupa ya rangi ambayo haijachanganywa, kwa upande wake, isiguswe na maji kabisa. Pipeti (kijibomba cha kunyonyea rangi) yenye unyevu ikitumbukizwa humo mara moja tu, rangi huanza kuharibika.

Kwa kazi ya kawaida napendelea mchanganyiko wa asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, na ule wa asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 nauacha kwa mgonjwa asiyeweza kusubiri, kwa sababu unamaliza rangi haraka. Wa jana umwagwe.

Tone jembamba, yaani damu iliyotandazwa ikawa utando mwepesi, hukazwa kwa methanoli ili chembe zake zishike kwenye slaidi bila kupasuka, lakini tone nene, damu iliyoachwa ikiwa nzito mahali pamoja, halikazwi, kwani ni lazima chembe nyekundu zipasuke ndani ya rangi ili vimelea vibaki wazi. Unapokaza, inamisha slaidi upande wa tone jembamba uwe chini, methanoli isije ikatiririkia tone nene. Joto nalo hulikaza, kwa hiyo usilianike juani wala kulisogeza kwenye moto, hata wakati wa masika ambapo linachelewa kukauka na foleni ya wagonjwa inakuhimiza. Lifunike, maana nzi na sisimizi hula damu.

Rangi ikishaiva, usiinamishe slaidi kuimwaga, kwa sababu utando unaoelea juu utashuka na kuganda kwenye damu, ukaacha vidoa vyeusi ambavyo mgeni huviita vimelea. Mimina bafa taratibu kutoka pembeni mpaka utando uelee na kuondoka.

Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, soma angalau maeneo 100 ya tone nene (eneo ni sehemu inayoonekana kwa mara moja kwenye hadubini) kwa lenzi ya mafuta, ile inayotumika ikigusa tone la mafuta juu ya slaidi. Na kila unapochanganya rangi mpya, ijaribu kwanza kwenye slaidi ambayo tayari inajulikana kuwa na vimelea.