Bruda ya gesi Kasulu: mkuu, hiyo nailoni itoe leo

Mkuu, usiwashe kwanza hiyo bruda (jiko la gesi la kuwapasha vifaranga joto). Umeandika una vifaranga 300 Kasulu, chumba cha mita 4 kwa 3, na "nimeshaziba madirisha na upenyo wote chini ya bati kwa nailoni ili gesi isiishe haraka". Itoe! Ushauri huohuo nilipewa na muuza bruda, tena kwa kujiamini: ziba kila tundu, mtungi utakaa. Mtungi ulikaa kweli, vifaranga ndio hawakukaa. Chekeni tu, "mzee wa nailoni" nimeshalizoea.

Kilo 1 ya gesi inataka mita za ujazo 12 hadi 13 za hewa ili iungue sawasawa. Bruda ikila gramu 200 kwa saa, kwa saa 10 za usiku imekula kilo 2, yaani hewa mita za ujazo 25. Chumba chako kikiwa na kimo cha mita 2.5 kina 30 tu, na vifaranga wanapumua hiyohiyo. Oksijeni haingoji iishe. Ikipungua kiasi tu, moto unaanza kutoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi imetiwa makusudi ili mtungi ukivuja ujue. Vifaranga wanalala tulii, unasema wamepata joto, asubuhi unaokota. Na huyo kijana uliyesema analala humo kulinda, mtoe leo leo.

Kilo 2 hizo zinatoa pia mvuke wa maji zaidi ya lita 3. Alfajiri mulika misumari ya bati: kila ncha ina tone. Linadondokea maranda, maranda yanalowa, amonia (ile hewa kali ya kinyesi) inakuchoma macho, na koksidia, ugonjwa wa kuhara wa vifaranga, iko njiani.

Sasa pazia la turubai la madirishani. Wengi wanalifunga juu na kulikunja kutoka chini, baridi inawapiga vifaranga moja kwa moja, mtu anaogopa na kufunga kote. Geuza: turubai lifungwe chini, LISHUKE KUTOKA JUU. Acha upenyo wa kiganja kizima kwenye kuta mbili zinazotazamana, usiku kucha, hata Julai. Hapo weka wavu wa kuku. Wavu wa mbu unazibwa na vumbi la manyoya. Mtungi ukae nje, mpira upite ukutani. Chini ya mlango pia acha nafasi, maana gesi inayovuja ni nzito, inatambaa sakafuni.

Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano wenye masizi, zima, safisha matundu ya hewa ya bruda kwa brashi. Bado njano? Hewa haitoshi, shusha pazia zaidi.

Baridi ikizidi, bana duara la vifaranga kwa maboksi na ongeza unene wa maranda. Upenyo wa juu usiguse.

Mtungi wa kilo 15 kwa ulaji huo ni kama usiku 7, ndiyo, inauma. Lile swali lako la chanjo watajibu wengine. Ukishaitoa nailoni weka picha ya huo upenyo hapa tuuone.