Ng'ombe Mfupi Gede? Kwanza Tazama Mbung'o

SWALI
Shikamoo mzee. Naishi Gede, upande wa msituni. Nina eka moja na nusu, minazi na mikanju, na nyasi chini yake zinajiotea tu. Shemeji yangu amenionyesha kwenye simu ng'ombe wa Marekani wanaomfika mtu kiunoni. Nimewapenda mno. Nataka maziwa ya watoto na kidogo ya kuuza. Niwatafute?
– Mama Zuhura

JIBU
Marahaba, mwanangu. Kutaka ng'ombe mdogo umewaza vyema, ila hao wa kwenye simu waache huko huko.

Chukua mfano wa Dexter, ng'ombe mfupi mwenye asili ya Ireland. Jike mzima ana kimo cha mita moja hivi na kilo kama 300, na maziwa anatoa. Lakini wale wenye miguu mifupi zaidi hubeba kasoro ya kurithi. Ukipandisha wawili wenye nayo, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne huharibika tumboni. Tena kuingiza mnyama hai nchini ni vibali na karantini, na akifika hajui kupe wa Pwani. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, humlaza mgeni upesi sana.

Na wewe uko ubavuni mwa Arabuko-Sokoke. Mbung'o wa msitu ule hawaangalii kimo. Nagana, ugonjwa wanaouleta, huja polepole: manyoya yanasimama, maziwa yanapungua, ng'ombe anakula na bado mbavu zinahesabika. Inaniuma kuona watu wakimshuku jirani kwa kijicho, kumbe ni nzi. Mfugie bandani, uzungushie neti yenye dawa, kimo cha mita moja au zaidi kidogo. Akianza kukonda, apimwe damu kabla ya kudungwa chochote.

Zebu wetu wa kienyeji tayari ni mdogo, na jua na kupe amevizoea. Maziwa yake ndiyo machache. Kwa hiyo tafuta mtamba chotara wa zebu na Jersey, aliyechanjwa ndigana kali. Jersey ana umbo dogo na maziwa yenye mafuta mengi. Ukiwa na zebu wako, mpandishe kwa mrija, yaani mbegu ya dume la Jersey iliyogandishwa, badala ya dume lenyewe.

Udogo unalipa kwenye majani. Ng'ombe wa kilo 300 hula kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Friesian wa kilo 550 anapita 80. Nyasi za kujiotea hazitoshi, na chini ya mkanju kivuli ni kizito. Panda majani ya nepia kati ya minazi, na mpakani mti wa malisho uitwao lukina, majani yake yana protini. Mbolea yote ya bandani irudi kwenye nepia. Kisha ngoja kaskazi, Januari hadi Machi, kukiwa kukavu. Ukiweza kukata kilo hizo 40 hadi 50 kila siku mwezi wa Februari, nenda kamnunue.