Peltia, jiko la makaa, na upande unaosahauliwa

Ikifika miradi ya mwaka wa mwisho, vijana wa chuo hunijia kibandani Darajani, Unguja, na ombi lile lile: "Fundi, nipatie peltia, nataka kutoa umeme kwenye jiko la makaa." Nawauzia hicho kigae cheupe chembamba kinachogeuza joto kuwa umeme, biashara ni biashara. Ila kabla hawajaondoka nawaambia: moto usikushughulishe, makaa yatakupa joto hata usilolitaka. Pesa yako iweke upande wa baridi.

Umeme huu unatokana na tofauti ya joto baina ya pande mbili za kile kigae cheupe. Seebeck, Mjerumani, aliligundua jambo hili tangu 1821. Na nguvu unayoipata huenda na mraba wa tofauti hiyo: ikipungua nusu, nguvu inabaki robo. Sasa piga hesabu ya Unguja mwezi wa Machi, kaskazi imekatika, hewa nyuzi 32 na feni yenyewe inapuliza vuguvugu. Tena feni inakula umeme ule ule unaouzalisha. Kama hukuutoa kwenye hesabu, mtahini atautoa.

Mimi napendelea maji. Chukua sufuria ya alumini yenye kitako bapa, paka pesti nyembamba ya kupitishia joto pande zote mbili za kigae, kiweke chini ya sufuria, kisha bana sawasawa kila pembe. Maji yakianza kutoa moshi, yamwage ndooni ukaogee, utie mengine. Ya bahari usitie, alumini italiwa na chumvi.

Jengine: peltia nyingi za sentimita 4 zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya kupoza, si kuzalisha. Lehemu ya ndani ya nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 138. Ukiibandika juu ya makaa mekundu, umekwisha. Tafuta ya kuzalishia, au weka bamba nene la alumini katikati na kipimajoto pembeni.

Halafu volti. Kijana ananionesha malitimita inasoma 4, amefurahi, hakuna kilichounganishwa! Volti bila mzigo ni porojo. Funga rezista inayolingana na ukinzani wa ndani wa kigae, utaziona zinashuka kama nusu. Hapo ndipo uzidishe volti kwa ampea uandike.

Wapo wanaotaka kubuni mada mpya kabisa ya kutengenezea kigae, badala ya bismathi teluraidi iliyomo ndani ya hivi vya madukani. Siwavunji moyo, lakini mada nzuri lazima ipitishe umeme vizuri na joto kwa shida, na hayo mawili hugombana: katika metali, elektroni zile zile hubeba yote mawili. Kama huna maabara ya kupima upitishaji joto, utaandika kitu usichoweza kukithibitisha. Bora upime joto linalopotea bure kwetu: eksozi za majenereta ya mahoteli, matanuri ya mikate, kiwanda cha mafuta ya makonyo ya karafuu kule Pemba. Hiyo ni tafiti ya kweli, na vifaa vyake unavimudu.

Usimuahidi mtu kuwa utaachana na waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Vigae vya madukani hugeuza kama asilimia 5 tu ya joto, tena hali ikiwa nzuri. Mchana, pesa hiyo hiyo ukinunua paneli ya sola utapata zaidi. Peltia pahala pake ni pale moto unapowaka kwa shughuli nyengine, hasa usiku.

Na majaribio fanyeni uani. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.