Maswali ya maji ya chumvi: mtoe samaki, dawa isiingie tangi kubwa

Nusu ya meseji zenu kuhusu samaki wa baharini wa kufuga nyumbani ni swali moja, naanza nalo tumalizane.

"Kangaja wangu ametoka madoa meupe, niweke kopa kiasi gani kwenye tangi ya lita 400? Ndani niko na matumbawe na kamba wawili." (Ntinda)

Sifuri. Kopa, yaani dawa ya shaba, itakuulia kamba, konokono na matumbawe yote, na hayo mawe na mchanga ni chokaa tupu, yanainyonya kopa hata usijue maji yako yamebaki na kiasi gani. Anayetoka ni samaki. Tafuta tangi ya lita 80, hata beseni kubwa jipya la plastiki kutoka soko la Kikuubo linatosha, weka hita, chujio la sponji, vipande viwili vya paipu ya PVC ajifiche, basi. Mchanga usitie, jiwe usitie. Hiyo ndiyo karantini.

Halafu mtazame vizuri kabla hujanunua chochote. Kama ni punje unazoweza kuhesabu na bado anakula, hiyo ni iki, Cryptocaryon irritans. Lakini zima taa, mulika tochi ya simu kutoka ubavuni: ukiona vumbi laini kama unga wa dhahabu, anahema mbio, anang'ang'ania mbele ya pampu na chakula amekataa, ni velveti, Amyloodinium, hiyo inaua kwa siku chache kwa hiyo ssebo usikae kungoja safu hii itoke. Zote mbili dawa ni kopa, ndani ya karantini. Kopa za dukani ziko aina: Copper Power inashikiliwa 2.0 mpaka 2.5 ppm (miligramu kwa lita), Cupramine ni 0.5, na ole wako uchanganye hizo namba mbili, maana Cupramine ya 2.5 ni sumu tu. Panda polepole kwa siku mbili tatu, kisha ishike hapo siku 30 bila kushuka, na kila ukibadilisha maji, maji mapya yaingie yakiwa na kopa yake tayari. Bila testi ya kopa usianze kabisa. Mtu anaandika "niliweka vifuniko vitatu", kifuniko si kipimo bana.

"Chumvi ya akwariamu ni ghali sana, naweza kutumia ya Katwe? Si ni ya asili?" (Mbarara)

Hapana. Ya Ziwa Katwe ina chumvi ya kawaida ndiyo, pamoja na kaboneti na salfeti nyingi, lakini kalsiamu na magniziamu karibu hakuna, wakati maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 400 kwa lita na magniziamu kama 1,300. Asili ni asili ya ziwa lake. Ile ya kupikia nayo hapana, kabla hujauliza.

"Kitunguu saumu kinaponya iki?" (watu wengi)

Hapana. Weka kwenye pilau.

"Klaunifishi wangu wametoka Mombasa na basi, siku ya tatu wana ute mweupe mwili mzima kama ngozi inachubuka. Nimeweka kopa, hakuna kitu." (Muyenga)

Na haitafanya kitu, kwa sababu inavyosikika hiyo ni Brooklynella, kijidudu kingine cha ngozi, na kopa haiigusi. Klaunifishi waliovuliwa baharini ndio ugonjwa wao huo, unakwenda mbio, leo ute kesho amelala chini. Kinachofanya kazi ni kuwaogesha kwa formalini ya samaki kwa kufuata lebo, pampu ya hewa ikiwa juu kabisa, au metronidazole kwenye maji ya karantini. Wakitoka kwenye bafu waingie tangi nyingine safi, wasirudi kwenye maji yale yale. Na tafadhali msiende kuombaomba formalini mochwari, nimeshaona mtu anashauri hivyo, ile kitu inasababisha kansa na hujui ina nini kingine ndani. Vaa glavu, fungua madirisha.

Sasa hiyo safari. Zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), samaki anahema, kaboni dioksaidi inajaa, pH inashuka, yaani maji yanaelekea asidi, na pH ikiwa chini amonia yake haina makali sana. Ukifungua kaveera kaboni dioksaidi inatoka, pH inapanda, na ile amonia inageuka sumu hapo hapo. Wewe ndo kwanza umekaa na kimpira chako unadondosha maji tone tone saa mbili kwa sababu uliona video. Acha. Kaveera ielee ikiwa imefungwa dakika kama 20 joto lilingane, fungua, pima chumvi yake haraka, tengeneza karantini ifanane nayo, samaki aingie, maji ya kaveera yamwagwe. Kupandisha chumvi utafanya pole pole siku zinazofuata. Muulize muuzaji mapema maji yake yako kipimo gani, akikosa jibu hilo nalo ni jibu.

"Madoa yameisha yenyewe baada ya siku nne, nimrudishe?" (Jinja)

Kwani yameenda wapi? Kijidudu cha iki kinakaa kwenye ngozi siku 3 mpaka 7, kinaanguka, kinajifunga kwenye mchanga, kinapasuka na kutoa vingine mamia vinavyotafuta samaki. Hujaponya mtu, umeona mapumziko. Samaki WOTE watoke kwenye tangi kubwa, hata yule anayeonekana mzima, watibiwe, na tangi ikae bila samaki siku 76 kama wanavyoshika wafugaji wengi. Kamba na matumbawe wabaki humo, hawaugui iki. Najua ni ndefu. Na ile neti unayovulia karantini, usiichovye kwenye tangi kubwa hata mara moja, tone moja la maji linatosha kukurudisha siku ya kwanza.

"Kitatange aliruka nje usiku, nimemkuta sakafuni bado anapumua, pezi limechanika na ubavu umekwaruzwa. Nimemwagia amoksilini kapsuli mbili." (Entebbe)

Banange! Kila kitu amoksilini. Bakteria wengi wanaosumbua samaki wa baharini, akina Vibrio, ni wa kundi la gram-hasi na amoksilini kwao ni dhaifu, tena unaweza kuwaumiza bakteria wazuri wa kwenye sponji, amonia ikapanda, ndo unasema ati dawa imemuua. Badilisha nusu ya maji leo. Muweke peke yake, taa hafifu, maji safi, mapovu ya kutosha. Pezi lililochanika huota lenyewe kama mzizi wake haujang'oka. Kila asubuhi angalia kidonda: kikiwa cheupe chenye kingo safi na anakula, muache. Kingo zikiwa nyekundu, au pezi linaliwa kuelekea mwilini, au jicho limevimba, hapo ndo tunaongea antibayotiki, na iwe ya kukabili gram-hasi, kwa ushauri wa daktari wa mifugo anayejua samaki, dozi ikamilishwe. Mfuniko wa neti ni bei rahisi kuliko haya yote.

"Amonia ya karantini haishuki na niko na kopa ndani, niweke ile dawa ya kuua amonia?" (Kira)

Usiweke. Nyingi ya hizo dawa zinaingiliana na kopa na kuifanya sumu zaidi. Badilisha maji, punguza chakula, na safari ijayo sponji iishi kwenye samp (tangi la chini la chujio) ya tangi kubwa wiki kadhaa kabla, iwe na bakteria wake, ila ikishaingia kwenye kopa isirudi huko. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza kwenye pipa lake, kabla ya chumvi na kopa. Yale machafu yenye kopa usimwage kwenye mtaro unaoelekea ziwani, konokono na ngege wa watu wamekukosea nini.

"Umeme ukikatika usiku?"

Pampu ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe. Karantini ndogo yenye samaki mgonjwa hukosa oksijeni haraka, na dawa kama formalini inapunguza zaidi. Joto likishuka digrii mbili atavumilia, hewa hatavumilia.