Kuvuta umeme toka nyumbani mpaka banda la gari

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Kibaha, nyuma ya nyumba nimejenga banda la gari, ni kama mita 40 toka nyumbani, kuta za tofali ila mlango na paa ni bati. Nataka nianze kazi ya kuchomelea mageti mule, mashine ninayo ile ndogo ya inveta. Jamaa mmoja wa mtaani kaniambia ninunue waya wa 2.5 (milimita za mraba) tuutoe kwenye soketi ya jikoni, tuuingize kwenye bomba la plastiki tufukie kidogo tu, na ethi eti sina haja maana nyumbani ipo. Hela imenibana kweli. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, sio sawa, na nashukuru umeuliza kabla hujachimba.

Tuanze na waya. Mita 40 kwa umeme ni mita 80, maana unaenda kwa laini unarudi kwa nyutro. Shaba ya 2.5 kwa mita 80 ina ukinzani wa om 0.56 hivi, sasa mashine ikivuta amp 30 unapoteza karibu vot 17 njiani, nyumbani ukiwa na 230 bandani unabaki na 213, na jioni mtaa wote ukishawasha hata hiyo 230 huipati. Moto hautashika vizuri, utaongeza amp, waya nao utazidi kuchemka. Halafu vot 17 mara amp 30 ni wati 500 za joto zimefungiwa kwenye bomba ulilofukia, na LUKU inakukata hela yake vilevile. Soketi ya jikoni yenyewe ni ya amp 13, itayeyuka. Nunua kebo ya amadi ya 10, ile yenye nyuzi za chuma, nyaya tatu ndani. Kwa 10 unapoteza vot 4 na kidogo basi. Najua bei yake inauma, bora usubiri miezi miwili uinunue. Na isitoke kwenye soketi, itoke kwenye kisanduku cha breka na breka yake yenyewe ya amp 32.

Kuchimba: nusu mita kwenda chini, pale gari linapokanyaga fika sentimita 60, mwaga mchanga laini, laza kebo, mchanga tena, tofali juu ndo urudishe udongo. Usiunge waya chini ya ardhi, tafadhali. Niliwahi kuitwa kwa mzee mmoja akasema geti lake "linawasha" mvua ikinyesha, tukafukua hata jembe halijazama vizuri tukakuta kiungo kimezungushiwa tepu nyeusi, ukiibana kwa kidole maji yanatoka. Wajukuu walikuwa wanalishika hilo geti kila siku wakitoka shule.

Hapo ndo tunafika kwenye ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, na hili ndo naomba ulisome mara mbili. Watu wengi wanaamini breka itakata tu umeme ukigusa bati. Haikati. Chukulia ethi rodi yako, ile fimbo ya chuma inayochimbiwa ardhini, ina om 20, na kwenye mchanga mkavu inaweza kuzidi hapo, laini ikigusa mlango unagawa 230 kwa 20 unapata amp 11 na nusu zinaenda ardhini. Breka yako ni ya 32, kwake hizo 11 ni kama umewasha pasi na feni, inatulia, na mlango wa bati unakaa na umeme unamsubiri mtu mwenye miguu mitupu. Kinachokuokoa ni RCD, dukani iombe kwa jina hilohilo. Yenyewe inalinganisha umeme uliotoka na uliorudi, tofauti ikifika miliamp 30 inakata fasta. Weka ya 30 bandani, na kwenye meni ya nyumba weka ya miliamp 100 ile inayochelewa kidogo ili bandani ikikata nyumba isizime. Waya wa ethi uende na kebo mpaka bandani, pale chimbia rodi nyingine uunganishe nayo, mlango na paa navyo uvifunge humohumo. Zile nyuzi za chuma za kebo nazo zifungwe kwenye ethi upande wa nyumbani, mafundi wengi wanazikata na kuziacha zinaning'inia.

Cheki pia meni yako ni ya amp ngapi, maana kuchomelea huku jiko la umeme na pampu ya maji vinafanya kazi unaweza ukaizidi.

Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, apime rodi kwa mashine mbele yako akutajie om ngapi. Ukishawashiwa, kwenye RCD kuna kitufe kimeandikwa T, kibonyeze hapohapo na baadae kila mwezi, siku kisipokata usichomelee chochote mpaka ibadilishwe.