Muulize aliyeikaanga

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba kahawa ya jiji ninaloishi naijua. Kwenye simu nilikuwa na orodha ya mikahawa kumi na mmoja, kila mmoja nimeuandikia maneno mawili matatu: huu laini, ule mchachu kidogo, ule mwingine viti vinaumiza. Mkahawa wa kumi na mbili ndio ulionivua nguo. Nikisubiri kikombe changu, nikaona pakiti za kilo moja moja zimepangwa nyuma ya mashine, zina lebo ambayo juma lililopita nilikuwa nimeiona kwingine. Nikamuuliza barista, yaani mtengeneza kahawa wa pale. Akacheka. "Hao ndio wanaotukaangia. Wanawakaangia na wale wa ghorofani, na wale wa kituo cha basi." Tukaanza kuhesabu pamoja, mimi nikitaja, yeye akiitikia kwa kichwa. Saba kati ya kumi na wawili walikuwa wanachukua kwa mkaangaji mmoja, wengi wao mchanganyiko ule ule. Kumbe siku zote hizo nimezunguka jiji nikinywa gunia moja!

Kwa hiyo ukitaka kuzijua kahawa za jiji lolote, usianze na mikahawa. Anza na wanaokaanga. Swali ni jepesi na hakuna anayelichukia: "Kahawa hii mnakaanga wenyewe au mnachukua kwa nani?" Andika jibu. Baada ya vikombe vichache utaona mikahawa ni mingi, ila majina ya wakaangaji yanajirudia, na hayo majina ndiyo ya kufuata. Barista mzembe anaweza kuiharibu kahawa nzuri, lakini hata aliye hodari vipi hawezi kuiokoa iliyoungulia kwenye mashine ya kukaangia.

Wengi wa wakaangaji hawa, hasa wadogo, hukaanga siku maalumu za wiki. Uliza ni lini, halafu uliza kama unaweza kusimama pembeni ukatazama. Mimi niliruhusiwa mara ya kwanza kwa sharti la kutogusa kitu. Buni mbichi ni za kijani kilichofifia, ngumu, na hazinukii kahawa hata kidogo. Zinamiminwa ndani ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto. Dakika za mwanzo harufu ni ya nyasi kavu, baadaye inageuka ya mkate. Mkaangaji ana kijiko kirefu kilichochomekwa ubavuni mwa pipa. Kila baada ya muda anakichomoa, ananusa, anatazama rangi, anakirudisha. Punje zinapofika karibu nyuzi 200 zinaanza kupasuka: tak, tak, tak, kama bisi zilizofunikwa blanketi. Ni mvuke uliobanwa ndani unaotafuta pa kutokea.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kuuliza swali. Mkaangaji hakugeuka, aliinua kiganja tu. Nikanyamaza. Baadaye alinieleza kwamba mlio ule ukishaanza, dakika moja au mbili ndizo zinazoamua kila kitu. Ukiitoa mapema unabaki na uchachu na harufu ya mahali ilikolimwa. Ukichelewa, uchungu unapanda na ladha ya moshi inafunika vingine vyote. Punje zikishatoa mafuta mengi na kung'aa, kahawa ya bonde hili na ya mlima ule huwezi tena kuzitofautisha. Ndiyo maana huwa najihadhari na mkahawa ambao kila kahawa yake ni nyeusi inayong'aa. Huenda wanapenda hivyo, na wapo wateja wanaopenda, lakini huenda pia kuna kitu kinafichwa.

Pakiti ya kwanza niliyonunua pale ilikuwa imekaangwa asubuhi hiyo hiyo, bado ina vuguvugu. Nikaona nimepata bahati. Nyumbani nikaimwagia maji ya moto, ikafura na kutoa mapovu hadi ikamwagika nje ya kichujio, na kikombe chenyewe kilikuwa kikali, hakina ladha ya kueleweka. Nilikaribia kurudi kulalamika. Kumbe kahawa ikitoka motoni huwa imejaa kaboni dioksidi, na gesi hiyo inazuia maji yasiingie vizuri kwenye unga. Ndiyo maana pakiti nyingi nzuri zina kitundu kidogo cha plastiki mbele: gesi itoke, hewa isiingie. Siku ya tisa nilipoirudia pakiti ile ile, ilikuwa tamu bila sukari.

Tangu hapo jambo la kwanza ninalosoma kwenye pakiti ni tarehe ya kukaangwa. Iliyokaangwa siku saba hadi wiki tatu nyuma ndiyo ninayoipenda. Yenye tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake, ya mwaka ujao, huwa nairudisha rafuni bila hata kugeuza lebo. Kuna mkahawa mmoja, siutaji, uliniuzia pakiti ambayo stika ya bei ilikuwa imebandikwa juu ya tarehe. Niliibandua nyumbani: miezi minane. Siku hizi nabandua palepale dukani, anayenuna na anune. Na nunua punje nzima, gramu 250 zinatosha. Ikishasagwa, harufu huanza kukimbia ndani ya dakika chache.

Ukiwa kwenye meza ya mkahawa, agiza kitu kile kile kila unakokwenda. Mimi huagiza ya kuchuja, bila maziwa. Maziwa sina ugomvi nayo, ila yana ustaarabu mno: yanafunika aibu za watu. Kunywa kidogo ikiwa moto, kisha iache dakika kumi. Kahawa mbaya ikipoa hujisema yenyewe, na nzuri ndipo inapofunguka. Hayo maneno ya kwenye ubao, sijui yasmini, sijui plamu iliyoiva, yasikutishe. Swali ninalojiuliza ni moja tu: kikombe kimepoa, je, bado nakitaka?

Nenda saa ambazo hakuna foleni, maana barista mwenye watu wanane mbele yake hana la kukuambia. Mapambo ya ukutani yapuuze.

Ukisikia mkaangaji anafungua milango watu waje kuonja, nenda hata kama hujui lolote. Vikombe vinapangwa mstari mmoja, kila kimoja na gramu zake chache za unga, kwa kawaida 8.25 kwa mililita 150 za maji. Maji yanamiminwa moja kwa moja, zinasubiriwa dakika nne, kisha ule utando wa juu unavunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu kabisa. Baadaye kila mtu anavuta kwa kijiko kwa kelele, ili kahawa itapakae mdomo mzima. Mara yangu ya kwanza nilipaliwa nikakohoa mbele ya watu kumi na tano. Hakuna aliyecheka, au labda walijizuia. Ila siku ile ndipo nilipoonja, kahawa mbili zikiwa bega kwa bega, tofauti ya buni zilizotolewa kwenye tunda na kuoshwa kabla ya kukaushwa, na zile zilizokaushwa zikiwa bado ndani ya tunda. Ya pili ilinukia kama kitu kilichoanza kuchacha, na nikaipenda.

Usiige Jumamosi yangu ya vikombe sita, mikono ilinitetemeka hadi jioni. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inataja miligramu 400 za kafeini kwa siku kuwa kiasi ambacho kwa kawaida hakimdhuru mtu mzima mwenye afya, na kati ya aina mbili kuu za kahawa, robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Vituo viwili kwa siku vinatosha.

Orodha ya kwenye simu nimeifuta. Sasa nina daftari lenye majina matano ya wakaangaji, na la tano nilipewa na wa tatu: mtu anayekaanga kwenye gereji nyuma ya nyumba yake, siku mbili kwa wiki, hana hata kibao. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa. Nikainua mkono nibishe, nikasikia kutoka ndani: tak, tak, tak. Nikaushusha mkono, nikaegemea ukuta nikasubiri.